Mbuzi Yumo

Mtu akifa, jamani, watu humlilia, wakamzika, wakarudi makwao. Kampuni ikifa haiachwi ilale. Huletewa Mfilisi, bwana mwenye mkoba na viatu vinavyolia, aje aisimamishe maiti wima na kuiuliza maswali.

Kampuni yenyewe ilikuwa ikiitwa Pazia Jekundu. Kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu za kale mtandaoni, zile nyeusi na nyeupe ambazo watu wake huvaa kofia hata wakiwa kitandani. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Katika kimoja alikaa Mkurugenzi, bwana mnene mwenye moyo laini, ambaye hawezi kukusimulia filamu bila kulia pale pa kulia na kuimba pale pa kuimba. Katika cha pili walikaa wafanyakazi, wakapungua, wakapungua, mpaka akabaki mmoja. Huyo walimwita Mitambo, kwa sababu mitambo yote ya Pazia Jekundu aliijenga yeye, na hakuna mwingine aliyejua waya upi unaingia wapi.

Wateja walikuwa wachache, kiasi kwamba Mkurugenzi aliwajua kwa majina na kwa maradhi. "Yule bwana wa presha usimwekee ya vita," alikuwa akisema. Niambie, biashara gani hiyo? Lakini kwa miaka mingi iliwalisha na kuwavisha, na sisi tulioiona ikichechemea hatukuwa na la kusema.

Sasa ikaja kampuni kubwa, ikataka kuinunua. Usidhani ilizitaka zile filamu izionyeshe. Ilizitaka ziwe zake tu, asizionyeshe mtu. Matajiri wana mambo! Mtu ananunua ng'ombe ili jirani asinywe maziwa. Na sharti lao lilikuwa moja: wakabidhiwe huduma tupu, asiwemo ndani yake mtazamaji hata mmoja, kabla ya Ijumaa kufika jioni. Ikiwa tupu, Mitambo atapata kazi kwao, yeye peke yake kati ya wote. Isipokuwa tupu, mauzo yamekufa, na kazi imekufa pamoja nayo. Mitambo alikuwa na mke, watoto wawili wanaokula kuliko umri wao, na mwenye nyumba asiyejua kucheka. Kwake ile Ijumaa ilikuwa ya kufa na kupona.

Basi Ijumaa asubuhi akakaa mbele ya kompyuta, Mkurugenzi nyuma yake na leso, Mfilisi kando yake na mkoba. Akabonyeza kitufe cha kufunga. Kompyuta ikafikiri, kisha ikaandika: *Ndani yumo mtu. Tafadhali subiri.*

Akabonyeza tena. *Ndani yumo mtu. Tafadhali subiri.*

"Umekula ng'ombe mzima, mkia unakushinda?" Mfilisi akauliza.

"Kuna mtu anatazama."

"Mkatize."

Hapo Mkurugenzi akainua mkono kama askari wa barabarani. "Hakatizwi mtu," akasema.

Hii ndiyo ilikuwa sheria ya Pazia Jekundu, na chanzo chake ni uchungu. Mkurugenzi alipokuwa kijana, mlinzi wa jumba la sinema aliwahi kumtoa nje filamu ikielekea mwisho, eti anataka kufunga milango akalale. Tangu siku hiyo akaapa kwamba akija kuwa na ukumbi wake, hata kama ni ukumbi wa mtandaoni, hakatizwi mtu. Mitambo alipoajiriwa akaambiwa ajenge mashine isiyoweza kufungwa mtazamaji akiwa ndani. Akajenga. Akauliza, na mtu aliyeisimamisha filamu katikati, naye je? Mkurugenzi akamjibu, "Mtu akienda msalani ameondoka ukumbini? Hajaondoka! Kiti chake kiwekwe." Basi Mitambo akajenga hivyo pia. Tena kwa kujionyesha akaongeza na yake: ukizima mashine ya hapa, inawaka ya kwingine, umeme ukikatika kwa mteja, kiti chake kinamngoja hata mwaka, na hakuna wa kuisogeza filamu mbele ila mtazamaji mwenyewe kwa rimoti yake. Walimpongeza sana siku ile, wakampa na saa ya ukutani. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Ni nani huyo mtazamaji?" Mfilisi akauliza.

Mitambo akatazama. Filamu ilikuwa *Suti ya Bwana Harusi*. Imesimamishwa ikiwa imebakiza kipande kidogo tu cha mwisho, na imesimama hivyo tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Kisha akalitazama jina la mteja, na jasho likamtoka chini ya mikono.

Alikuwa mama mkwe wake.

Lo! Na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Baba mkwe wake alipofariki, Mitambo ndiye aliyempelekea mjane ile huduma, akamfungia kwenye runinga, akamwonyesha rimoti, akamwambia, "Mama, jiliwaze." Na mama mkwe alipoulizia filamu moja ya zamani sana, Mitambo ndiye aliyemsumbua Mkurugenzi mpaka ikapatikana. Alisifiwa ukoo mzima. Mkwe gani huyu, walisema, mkwe wa dhahabu.

"Mpigie simu," Mfilisi akasema.

Kusema ni rahisi. Mitambo hakuwa amewahi kumwambia mama mkwe wake neno refu kuliko shikamoo. Akiingia kwake hukaa kiti cha karibu na mlango, akipewa chai hushukuru mara tatu, akiulizwa swali humtazama mkewe ajibu. Kwa hiyo akampigia mkewe kwanza.

"Nikaombe mimi?" mkewe akamaka. "Mama akikwama kwa mambo ya mashine zako, wewe ndiye unayekwenda. Na nisikie, baba watoto: ukimgusia mama filamu yake kwa nguvu, hapa usirudi. Kalale juu ya magodoro ya hapo chini."

Basi wakaingia wote watatu katika gari la Mkurugenzi, Mitambo kakaa nyuma na kompyuta mapajani, inayomwandikia kila baada ya muda kwamba ndani yumo mtu.

*

Sebule ya mama mkwe ilikuwa safi kupita kiasi. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, meza imevikwa, hata redio imevikwa. Na ukutani, juu ya kabati, runinga inawaka, na ndani yake watu watatu wamesimama kimya. Katikati ni bibi harusi aliye mlangoni, mdomo umefunguka nusu. Kushoto kwake ni bwana harusi ndani ya suti nyeusi. Kulia ni mshonaji aliyeishona ile suti, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Shikamoo, mama," Mitambo akasema.

"Marahaba, mkwe wangu. Karibuni. Msikae pale, mtawaziba," akasema mama mkwe, akimaanisha wale wa kwenye runinga. Akachukua kitambaa, akampangusa bibi harusi usoni taratibu. "Huyu anashika vumbi puani. Sijui kwa nini. Wenzake hawashiki."

"Wamesimama hivyo muda wote, mama?" Mfilisi akauliza.

"Mchana wanasimama. Usiku nawafunika shuka wapumzike."

Mfilisi akaandika jambo, akasita, akalifuta. Mkurugenzi hakuwa na habari naye. Alikuwa ameikodolea macho ile picha, mikono kifuani, machozi yashaanza safari. "Ah! Hapa!" akasema. "Hapa ndipo! Sasa hivi atakuja…"

"Tia ulimi puani!" Mama mkwe akaruka kama msichana, rimoti mkononi kama fimbo. "Wewe umeiona mpaka mwisho?"

"Mara nyingi, mama. Ni kazi yangu."

"Jikoni!"

"Lakini mama, mimi ni Mkurugenzi wa…"

"Jikoni, na mlango ufungwe!"

Mkurugenzi wa Pazia Jekundu akaenda jikoni. Mlango ukafungwa. Wakamsikia akivuta kigoda, kisha akifungua sufuria kuangalia kilichomo.

Mfilisi akajikohoza, akafungua mkoba juu ya vitambaa vya kufuma. Akaeleza, kwa Kiswahili cha ofisi chenye mikia mirefu, kwamba mama ndiye mtazamaji pekee aliyesalia, kwamba kusalia kwake kunazuia ukamilishaji wa ufungaji, na kwamba anaombwa kwa unyenyekevu aidha amalize kutazama ama atoke. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akauliza kama wale watatu kwenye runinga nao wanahesabiwa.

"Baba," mama mkwe akamjibu, "sitoki, na simalizi."

"Mama, mimi nimefilisi kiwanda cha viberiti. Nimefilisi shule ya udereva, magari yakiwa barabarani. Sijawahi kushindwa na mjane."

"Na mimi nimezika mume. Sijawahi kushindwa na mkoba."

Mfilisi akaufunga mkoba. Nani kakwambia mkoba ni silaha?

Mitambo alikuwa kwenye kiti chake cha karibu na mlango, anatazama vidole vyake. Saa ya ukutani inakwenda, kompyuta inamwambia ndani yumo mtu, na kichwani anaiona kazi ikienda zake na watoto wakiifuata kwa macho. Roho ikamsukuma. Akasema, kwa sauti ndogo, maneno marefu kuliko yote aliyowahi kumwambia mama mkwe wake:

"Mama, samahani sana. Ikifika jioni hujamaliza, kazi sina. Nisingekuambia, lakini sina. Ni dakika chache tu zimebaki. Kwa nini humalizi?"

Mama mkwe akamgeukia. Akaweka rimoti mapajani, akakaa.

"Hukusema," akasema. "Kumbe shida ni yako. Basi sikiliza, nikuambie shida yangu."

Akaanza. Alipokuwa msichana, baba mkwe wa Mitambo, ambaye siku hizo hakuwa baba mkwe wa mtu, alimpeleka sinema kuona filamu hii. Wakakaa, wakatazama, bibi harusi akafika pale mlangoni, akaulizwa mbele ya watu wote anamtaka nani, yule wa suti au yule aliyeishona. Akafungua mdomo. Umeme ukakatika! Watu wakapiga miluzi, wakapiga viti, umeme haukurudi, wakarudi nyumbani. Baada ya siku mbili yule kijana akaja mbio. Akasema alirudi tena kuiona peke yake, na mwisho wake anaujua.

"Akaniambia bibi harusi anamchukua yule wa suti. Nikamwambia mwongo wewe, mwanamke mwenye macho yale hawezi kumwacha mshonaji. Akaniambia anamwacha, na akishamwacha, anaingia mbuzi."

"Mbuzi?" Mfilisi akauliza.

"Mbuzi. Anaingia mbuzi ndani ya harusi, anakula maua ya bibi harusi, na filamu inaisha. Wewe umewahi kusikia upuuzi kama huo? Mbuzi katoka wapi? Filamu nzima hamna hata kuku! Hapo nikajua hakwenda popote, ananitungia tu."

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Waliubeba mpaka kwenye ndoa yao, wakauzalia watoto, wakauzeekea. Mzee akichelewa kurudi na akatoa sababu, mkewe humwambia, "Hapo ameingia mbuzi." Watoto nao wakaiga. Nyumba ile, mtu akisema uongo, haambiwi mwongo, anaambiwa mbuzi wako huyo kakonda. Mitambo mwenyewe alishawahi kuambiwa hivyo na mkewe, mara nyingi tu, na hakuwa akijua mbuzi huyo kazaliwa wapi.

"Na mzee hakurudi nyuma hata siku moja," mama mkwe akasema. "Anapiga meza: mbuzi yumo! Nami napiga: hayumo! Vikombe vinaruka. Majirani wanajua tumekula, tumeshiba, sasa tunabishana. Basi akaenda zake, akaniacha. Halafu wewe, mkwe wangu, ukaniletea filamu. Nikaitazama mpaka pale umeme ulipokatika, nikabonyeza. Mkono ulibonyeza wenyewe."

Akafuta jicho kwa ncha ya kitambaa kilekile cha bibi harusi.

"Hebu niambie. Nikikuta mimi ndiye niliyesema kweli, nitamcheka nani? Na nikikuta yeye ndiye, nitamwomba radhi wapi? Sasa hivi bado tunabishana. Nikimaliza, ugomvi umekwisha, na mimi nimebaki na vikombe."

Mfilisi akauweka mkoba sakafuni. Akaitazama ile picha kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama picha, si kama anayetazama mali.

"Anahitajika mtu wa kushika upande wa marehemu," akasema mwishowe. "Ili asiyekuwepo awakilishwe. Ndivyo tunavyofanya."

Nadhani alisema tu kwa mazoea ya kazi, maana watu hao hata wakikosa chumvi hutafuta mwakilishi. Lakini mama mkwe akageuka.

"Hebu," akasema. "Jaribu wewe."

Mfilisi akasimama, akavuta koti. "Kwa niaba ya marehemu, naomba kuwasilisha kwamba, pasipo kuathiri madai mengine, mnyama husika…"

"Kaa chini. Mzee angekufa mara ya pili." Akamgeukia mkwewe. "Wewe."

"Mimi, mama?"

"Wewe ndiye mwenye shida. Njoo ukae hapa."

Hapa, maana yake ni kile kiti cha mbao chenye mto wa buluu, kiti cha baba mkwe. Tangu mazishi hakijakaliwa. Tangu kabla ya mazishi, Mitambo hakuwahi hata kukigusa akipita. Akaenda, akakaa ukingoni kama mtu aliyekalia mayai.

"Haya," mama mkwe akasema. "Hayumo mbuzi."

"Mama, kwa heshima zote," Mitambo akasema, "huenda labda pengine yumo."

"Huenda nini? Mzee hakuwa na huenda. Hayumo!"

"Yumo, mama. Samahani."

"Unaniomba samahani ya nini? Hivi nyumbani kwenu mwanangu hubishana na ukuta? Ndiyo maana kila siku ananipigia simu, anasema ndani kwake kimya! Hayumo, hayumo, hayumo! Mume wangu alikuwa mwongo, alikaa nyumbani amelala, akatunga mbuzi!"

Sasa sikia. Mtu huweza kuwa mpole miaka na miaka, kumbe upole ni kifuniko tu. Mitambo akaitazama saa. Akakumbuka kitufe, na sharti, na mwenye nyumba, na kwamba hapa alipo anazuiwa kula na mbuzi ambaye hajulikani kama yupo. Akaipiga meza. Kikombe kikaruka.

"Mbuzi yumo!" akapiga kelele. "Nasema yumo! Nilikwenda, nikamwona kwa macho yangu, ana pembe mbili, na wewe mwanamke ni mbishi! Mbishi! Tangu tuoane hujawahi kukubali hata kwamba mvua inanyesha!"

Mfilisi aliuinua mkoba ukamziba uso. Kule jikoni sufuria ilianguka. Mitambo akajisikia amekufa. Amemwita mama mkwe mbishi! Amemwambia wameoana! Alitamani sakafu ipasuke, aingie yeye na kompyuta yake.

Mama mkwe alikuwa anatabasamu. Si kidogo. Uso wote ulikuwa umefunguka, mashavu yamepanda, macho yanang'aa, na ghafla ukamwona yule msichana wa sinema.

"Ehee," akasema kwa upole. "Huyo ndiye. Ndiye kabisa. Mvua hiyo alikuwa akiisema sana." Akachukua rimoti. "Usiondoke kitini."

Akabonyeza.

*

Bibi harusi akapepesa macho. Nakuambia, baada ya miezi yote ile ya kupanguswa na kufunikwa shuka, kupepesa kule kuliwashtua wote watatu, na Mfilisi akarudi nyuma hatua. Muziki ukaanza palepale ulipoachiwa. Jikoni Mkurugenzi akaanza kuufuata kwa mdomo, sauti nzito, yenye machozi.

Bibi harusi akamtazama mshonaji. Akamtazama sana. "Unaona!" mama mkwe akanong'ona, akamkamata mkwewe mkono. "Unaona macho yale?" Kisha bibi harusi akamgeukia yule wa suti, akasema, "Wewe." Ni hilo tu. Mshonaji akautoa utepe shingoni, akaukunja vizuri, akautia mfukoni, akatoka. Mkono wa mama mkwe ukalegea.

Watu wa harusi wakapiga makofi. Wakatupa maua. Bibi harusi akatabasamu, lakini kwa mdomo tu. Mlango ulikuwa wazi bado, pale alipopitia mshonaji, na kwa muda hakutokea mtu.

Kisha akaingia mbuzi.

Alikuwa mweupe, mwenye kidevu kirefu, na pembe moja imevunjika. Hakuwa na haraka. Akapita katikati ya wageni kama mtu aliyealikwa, akafika kwa bibi harusi, akanyosha shingo, akaanza kula maua mkononi mwake, moja baada ya jingine. Bibi harusi hakumfukuza. Alimwangalia akitafuna, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Picha ikawa nyeusi. Maandishi yakaja: Mwisho.

Kompyuta ikatoa mlio mdogo juu ya kile kiti cha karibu na mlango. Mitambo aliweza kuisoma kutoka alipokaa: *Hamna mtu ndani. Huduma imefungwa.* Nje bado kulikuwa na jua. Kazi ameipata. Aliisubiri furaha ije, haikuja.

"Alikwenda," mama mkwe akasema.

Mikono yake ilikuwa wazi mapajani, rimoti imeanguka.

"Alikwenda kweli. Nauli hakuwa nayo siku zile. Alikwenda kwa miguu, kijana yule, ule mwendo wote, peke yake, akakaa gizani akaangalia tena tangu mwanzo, ili aje anihadithie mimi. Na mimi nikamwita mwongo. Mbele ya watoto nimemwita mwongo. Mbele ya wakwe." Sauti ikakatika, akaivuta tena. "Siku ile ya mwisho hospitali, hawezi hata kuinua kijiko, akaniambia, mke wangu, yule mbuzi alikuwepo. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, lala mzee, acha uongo wako. Akalala. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake."

Akalia. Hakulia kwa adabu wala kwa ncha ya kitambaa. Alilia kwa kifua kizima, na Mfilisi, aliyefunga shule ya udereva magari yakiwa barabarani, akageuka akatazama ukuta.

Kisha mama mkwe akaugeuza uso uliolowa kuelekea kile kiti cha mbao.

"Nisamehe," akasema.

Mitambo hakujua ajibu kama nani. "Nimekusamehe, mama," akasema.

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Asingesema hivyo. Mzee hakuwahi kuniambia nimekusamehe, hata siku moja. Angenicheka sana yule!"

Wakatazamana, mkwe na mkwe, kwa mara ya kwanza ana kwa ana tangu siku ya posa. Na Mitambo akaelewa. Akasogea nyuma, akakaa kitini sawasawa, mgongo ukagusa mto wa buluu. Akavuta pumzi.

"Si nilikuambia?" akasema.

"Kwa sauti. Alikuwa na sauti."

"Si nilikuambia!" Akaipiga meza, kikombe kikaruka. "Si nilikuambia mimi? Miaka yote! Si nilikuambia mbuzi yumo?"

"Uliniambia," mama mkwe akasema, huku akilia na kucheka vyote pamoja. "Uliniambia, mzee wangu. Uliniambia."

Mlango wa jikoni ukafunguka, Mkurugenzi akachungulia, macho mekundu. "Imeisha?" akauliza. "Nimefungwa?" Mfilisi akamwashiria akae kimya, akampisha kwenye kochi, akamnong'oneza sikioni kuuliza yule mshonaji baadaye alikwenda wapi.

Mitambo akakumbuka kuwa kuna karatasi za kutia saini kabla jioni haijaingia. Akashika mikono ya kiti ainuke, arudi kwenye nafasi yake ya karibu na mlango. Mama mkwe akamshika mkono, akamrudisha chini.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Kaa. Hujamaliza kunicheka."

Basi Mitambo akakaa, akamcheka mama mkwe wake kwa nguvu zake zote, na machozi yanamtiririka.